Seborga: Kijiji Kinachompigia Kura Mtawala Wake wa Kifalme

Jumatano, kisiwa cha Saint-Honorat

Boti iliondoka Cannes asubuhi ikiwa na abiria wachache, na kabla ya nusu saa kutimia tulikuwa tumeshafika kisiwani. Wengi walioshuka walishika njia ya ufukweni kwa matembezi. Mimi nilikwenda upande wa monasteri, kwa sababu safari hii inaishia kwenye kijiji ambacho kwa karne nyingi kilikuwa mali ya watawa wa hapa.

Kijiji chenyewe kinaitwa Seborga. Kiko Italia, katika mkoa wa Liguria, juu ya milima inayotazama bahari karibu na mpaka wa Ufaransa. Kina wakazi kama 300. Kwa serikali ya Italia hiyo ni manispaa ndogo tu katika jimbo la Imperia. Kwa wenyewe ni dola ya kale, yenye bendera yake, sarafu yake na mtawala wa kifalme anayepatikana kwa kura, si kwa kuzaliwa. Tarehe 23 Aprili 1995 walipiga kura kuikubali katiba yao na kudai uhuru wao: 304 walisema ndiyo, 4 walisema hapana. Hakuna nchi yoyote iliyoyatambua matokeo hayo. Hata hivyo namba hizo mbili hazijanitoka kichwani tangu nilipozisoma mara ya kwanza, na ndizo zilizonitoa nyumbani.

Kisiwa ni chembamba, urefu wake kama kilomita moja na nusu. Honoratus alikuja kuishi hapa na wenzake mwanzoni mwa karne ya 5, na watawa wamekuwa wakiondoka na kurudi tangu wakati huo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwakuta wameshaondolewa, kisiwa kikauzwa, na ni mwaka 1869 tu ndipo walipokuja hawa wa sasa, wa shirika la Cîteaux. Wanalima mizabibu na kutengeneza mvinyo. Mabango yanawaomba wageni wapunguze sauti, na wageni wanatii. Upande wa kusini, majini kabisa, imesimama ngome ya mawe iliyowahifadhi watawa wa zamani dhidi ya wavamizi wa baharini. Nimeizunguka mara kadhaa. Ukiitazama unajua kwamba waliokaa humo hawakuwa watu wa sala peke yake. Walikuwa na mashamba, makanisa na vijiji vya kulinda, mbali sana na hapa.

Wageni wa Seborga huanza na bendera na walinzi wa mpakani. Mimi naona mwanzo wa kweli uko kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6 na kufuatwa na monasteri nyingi za Ulaya. Sura yake ya 64 inaeleza namna ya kumpata abate: jumuiya imchague, na imchague kwa maisha yake mema na hekima yake, hata kama ni wa mwisho kwa daraja kati yao. Akishachaguliwa, anatiiwa. Hapo una kiti cha enzi na una kura, na kimoja hakimfukuzi mwenzake. Tena kuna jambo la wazi mno ambalo ni rahisi kulipita: watawa hawana watoto. Kijiji kilichotawaliwa na abate hakikuwa na ukoo wa kifalme wa kukumbuka. Watu wa Seborga walipotaka mfalme katika karne ya 20, hawakuwa na damu ya kuitafuta. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mtawala aliyepatikana kwa kuchaguliwa.

Kwamba kumbukumbu hiyo ni safi kiasi gani ni suala jingine. Wanasema mwaka 954 Kabaila Guido wa Ventimiglia aliwapa watawa wa Lérins, yaani wa visiwa hivi, ardhi ya Seborga. Wanahistoria wameitilia shaka hati hiyo. Wanasema pia kwamba mwaka 1079 abate alifanywa mtawala ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi, na hapo ushahidi unazidi kuwa mwembamba. Lakini umiliki wa watawa haubishaniwi, wala haubishaniwi mwisho wake: tarehe 20 Januari 1729 waliiuza Seborga kwa Vittorio Amedeo II wa ukoo wa Savoy, mfalme wa Sardinia.

Jioni nimerudi Cannes kwa boti ya mwisho.

Alhamisi, kwa treni hadi Ventimiglia

Reli inafuata bahari karibu njia nzima: Antibes, Nice, Villefranche, kisha ghafla giza, na treni inasimama ndani ya mwamba. Hapo ni Monaco. Kituo chao kiko chini ya ardhi, kwa hiyo abiria anaipita nchi nzima bila kuona nyumba hata moja.

Ndani ya giza hilo nilikuwa nikizipima dola hizi mbili. Monaco ina ukubwa wa takriban kilomita 2 za mraba na ni mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu 1993. Ukoo wa Grimaldi, unaoitawala, unahesabu mwanzo wake hapo mwaka 1297, pale François Grimaldi alipoingia ngomeni, kama wanavyosimulia, akiwa amevaa joho la mtawa huku upanga ukiwa chini yake. Tangu siku hiyo wasiwasi mkubwa wa Monaco umekuwa mrithi. Mkataba wake wa 1918 na Ufaransa uliacha mlango wazi kwamba kiti kikikosa mrithi, nchi iwe chini ya ulinzi wa Ufaransa. Ilibidi kusubiri mkataba wa 2002 ili mlango huo ufungwe. Hatima ya taifa ilikaa juu ya swali la nani atazaa na lini. Seborga, hata kwa udogo wake na kutotambuliwa kwake, haina hofu hiyo. Mtawala akiondoka, wanaitana na kupiga kura.

Ventimiglia nilishuka mchana. Ni mji wa mpakani, na mpaka huu si wa kuchora. Tangu 2015 polisi wa Ufaransa wamekuwa wakiwatafuta wahamiaji kwenye treni zinazotoka hapa na kuwarudisha. Nje ya stesheni walikuwepo vijana wa Kiafrika wamekaa na mabegi yao, wakisubiri usiku au bahati. Tulisalimiana. Mmoja alitoka Sudan. Nilipomwambia kwamba naenda kukiona kijiji kinachodai kuwa nchi, aliniuliza swali moja tu: je, wanatoa pasi? Nikamwambia kwamba zipo, ila hazimvushi mtu popote. Akatikisa kichwa, tukaagana. Nimelibeba swali lake, kwa maana lilinikumbusha nisiuchukulie mpaka kama mchezo.

Kabla ya jua kuzama nilipanda mji wa juu, ng'ambo ya mto Roia, hadi kanisa la San Michele, ambalo nalo linatajwa katika ile zawadi ya kabaila kwa watawa. Ni kanisa la mawe mazito, lenye chumba cha chini, na waliolijenga walizitumia tena nguzo za Kirumi zilizokuwa zikihesabu maili barabarani. Humo ndani historia ya Seborga inaacha kuwa hadithi ya kutungwa. Unaona kabisa jinsi watawa wa kisiwani walivyoweza kuwa na mkono mpaka huku, na jinsi njia ya milimani ilivyoanzia kwenye kanisa kama hili.

Ijumaa, Bordighera

Mvua kutwa. Bordighera ni mji wa mitende, ambao Claude Monet aliuchora mwaka 1884, lakini leo mitende yote imeinamisha vichwa na sikuona rangi yoyote ya kusimulia. Nilikaa chumbani nikisoma na kuandika.

Swali la leo ni hili: ufalme wa kuchaguliwa unafaa nini? Mtu akitaka kuchagua, kwa nini asichague rais, akaachana na taji?

Historia ina majibu yanayopingana, na zito kuliko yote linatoka Poland. Kuanzia 1573 makabaila wa Poland na Lithuania walikusanyika kwa maelfu uwanjani nje ya Warsaw, mara nyingi pale Wola, kumchagua mfalme. Wa kwanza kuchaguliwa kwa njia hiyo alikuwa Mfaransa, Henri wa Valois. Mwaka uliofuata ndugu yake alifariki na kiti cha Ufaransa kikabaki wazi. Henri akatoroka usiku kwenda kukikalia. Huko mbele kila uchaguzi ukawa soko la fedha za mataifa ya nje, na majirani wakajifunza kumweka mfalme waliyemtaka. Ilipofika 1791 Wapolandi wenyewe waliandika katiba mpya, na mojawapo ya dawa walizochagua ilikuwa kuuacha uchaguzi wa mfalme na kukifanya kiti kiwe cha kurithi. Walichelewa. Mwaka 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeshaigawana nchi nzima. Anayependa ufalme wa kura lazima alijibu hilo, na jibu langu ni kwamba kura ya Wola haikuwa kura ya watu. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuitwa uwanjani. Wengi wape, lakini kule hawakupewa.

Norway ilikwenda njia nyingine. Novemba 1905 waliulizwa kama wanamtaka Carl wa Denmark awe mfalme wao. 259,563 wakakubali na 69,264 wakakataa, naye akawa Haakon VII. Watu walisema neno lao mara moja, kisha kiti kikaingia kwenye urithi. Malaysia ina watawala tisa wa majimbo, wengi wao masultani, wanaopokezana kiti cha juu kila baada ya miaka mitano, na wanaochagua ni wao wenyewe. Kule Vatikani wanaochagua ni makardinali. Ukizitazama zote, utaona kwamba ufalme wa kuchaguliwa ni wa kawaida kuliko tunavyodhani, ila mlango wa chumba cha kura karibu kila mahali ni mwembamba. Seborga wanadai kitu adimu: mtawala wa kifalme, wapiga kura ni wanakijiji wa kawaida, na kura inarudi tena na tena.

Na kuna kura moja zaidi, ya hapa hapa Italia, ambayo naiona kama mama wa ile ya Seborga. Tarehe 2 Juni 1946 Waitalia waliulizwa wachague jamhuri au ufalme. Jamhuri ilipata kura milioni 12.7, ufalme milioni 10.7. Ukoo uliofukuzwa siku ile ni Savoy, wale wale walioinunua Seborga mwaka 1729. Hoja ya Seborga inaanzia kwenye mauzo hayo. Wanasema hayakuandikishwa ipasavyo, kwamba Mkutano wa Vienna wa 1815, uliopanga upya mipaka ya Ulaya, haukuitaja Seborga, na kwamba muungano wa Italia wa 1861 haukuitaja pia. Na hata kama mauzo yalikuwa halali, wanaongeza, basi mnunuzi alikuwa ukoo, si Jamhuri. Na ukoo umekwenda zake. Mimi si mwanasheria, na ninajua mahakama nyingi zingeuliza kwa nini kijiji kilikaa kimya miaka 200 kikilipa kodi. Lakini hoja ina mpangilio, na haikutungwa na mlevi.

Jumamosi, Seborga

Mvua ilikatika usiku. Basi kutoka Bordighera linapanda kwa kona kali, likipita vibanda vya maua vya vioo na plastiki, na baada ya muda bahari inabaki chini yako kama ramani. Kilima kizima kilikuwa cha njano. Huu ni msimu wa mimosa, na Seborga inaishi kwa maua.

Mpakani kuna kibanda kidogo cha mlinzi kilichopakwa rangi. Leo hakukuwa na mlinzi ndani. Kuna bendera ya buluu na nyeupe yenye msalaba mweupe, na bango linalomkaribisha mgeni kwenye dola ya kale. Dereva hakupunguza hata mwendo. Nilimkumbuka yule kijana wa Ventimiglia, nikaona ni haki niandike: mpaka usiomzuia mtu ni mpaka mwema, lakini anayeweza kuupenda kwa wepesi ni yule ambaye hajawahi kuzuiwa kwingine.

Kijiji ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Nyumba za mawe zimebanana, vichochoro vinapita chini ya matao, na katikati kuna uwanja wenye kanisa la Mtakatifu Martino. Siku ikiwa safi kama leo unaiona pwani mpaka upande wa Monaco. Maduka mawili matatu yanauza stempu na sarafu. Sarafu yao inaitwa luigino, na wameifunga kwenye dola ya Marekani: luigino 1 ni dola 6. Jina si la kubuni. Watawa walifungua kiwanda cha sarafu hapa mwaka 1666 na kupiga luigini za fedha, ingawa kiwanda hakikudumu. Nimeishika moja ya siku hizi mkononi. Ni nzuri, na inatumika zaidi kama kumbukumbu ya mgeni kuliko kama fedha ya sokoni.

Mtu aliyeianzisha Seborga hii ya sasa ni Giorgio Carbone, aliyezaliwa hapa mwaka 1936. Hakuwa kabaila wala tajiri. Alikuwa kiongozi wa ushirika wa wakulima wa maua, mtu wa kupima mafungu ya mimosa na kubishana bei, ambaye alizama kwenye nyaraka za zamani akatoka na imani kwamba kijiji chake hakikuwahi kuwa sehemu halali ya Italia. Mwaka 1963 wenzake walimchagua kuwa mkuu wa dola, akaitwa Giorgio I. Alikaa kwenye kiti hicho hadi alipofariki Novemba 2009. Walimpa na jina la heshima lao wenyewe, Tremendità, jina la kutisha kwa utukufu, na hata leo wazee wanalitamka wakitabasamu kwa upendo.

Kura ya 1995 ilikuja wakati ameshatawala zaidi ya miaka 30. Angalia tarehe: 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Giorgio. Katiba ilipigiwa kura siku ya somo wa mtawala. Hapo ndipo nilipokuwa na shaka zangu tangu mwanzo. Kura ya 304 kwa 4, ikiwa na mtawala mpendwa aliyeshakalia kiti miongo mitatu, inapima mapenzi ya watu kwa mtu yule zaidi ya mapenzi yao kwa mfumo. Wangeulizwa kama Carbone ni jirani mwema, naamini jibu lingekaribia hilo hilo.

Mchana nilimkuta mzee mmoja uani kwake akifunga matawi ya mimosa kwa kamba, mafungu yakiwa tayari kupelekwa bondeni. Alikuwa na umri wa kuwa alipiga kura 1995, nami nikamuuliza kwa adabu, maana si swali la kumrushia mzee wa watu, kama wanakijiji waliwahi kujua wale wanne walikuwa kina nani. Alicheka kwa muda. Akasema kila nyumba ina orodha yake ya watu wanne, na orodha hazifanani. Kisha akaacha kucheka, akaongeza kwamba hiyo ni heri, kwa sababu ingekuwa orodha moja, mtu angeliona hilo kila siku akienda kununua mkate.

Nimekaa na jibu lake mchana wote. Siri ya kura katika nchi ya mamilioni inalindwa na wingi wa watu. Katika kijiji cha watu 300 hakuna wingi wa kujificha ndani yake. Inabidi ilindwe na hiari ya majirani kutochunguza. Wanne walisema hapana mbele ya mapenzi ya kijiji kizima, na miaka yote hii hawajaanikwa. Kwangu mimi hilo linaisifu Seborga kuliko zile 304.

Mzee alinifafanulia pia mambo ya kila siku, na hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Kodi wanalipa Italia. Meya wanamchagua kwa sheria ya Italia, naye ndiye mwenye bajeti ya barabara na taka. Mtawala wanamchagua kwa sheria yao. Mtawala anateua washauri, anaongoza sikukuu ya Mtakatifu Bernardo tarehe 20 Agosti, anapokea wageni, anaandika barua za kudai haki ya kijiji. Mkono wake haufiki kwenye mfuko wa mtu. Niliuliza kama hilo halimfanyi kuwa pambo tu. Hakupenda neno hilo, na sasa ninaona kwa nini: kijiji kama hiki kingeweza kumalizwa na kuhama kwa vijana, kikabaki makazi ya wikendi ya watu wa mjini, lakini kwa sababu ya madai yake kina wageni, kina mijadala, kina sababu ya watu kukutana na kushindana juu ya jambo linalowapita wao wenyewe.

Jumapili, Seborga

Nimelala hapa hapa. Asubuhi kengele za Mtakatifu Martino zililia, watu wakakusanyika, na baada ya misa uwanja ukajaa mazungumzo. Nilipata kahawa na mama mmoja na mumewe ambao walifuatilia chaguzi zote tangu Carbone alipofariki, na kwa saa nzima walinipitisha humo.

Kifo cha Carbone kilikuwa mtihani. Dola za kujitangaza nyingi huzikwa na mwanzilishi wake, au humwachia mwanawe. Hata madai ya damu yalishawahi kujaribiwa hapa: mwaka 2006 alijitokeza mwanamke wa nje aliyedai kuwa mrithi halali wa Seborga kwa nasaba, akaahidi kuirudisha kwa Italia. Carbone alimpuuza. Hapa hoja ya nasaba haikuwa na pa kushika, kwa sababu zile nilizozieleza kule kisiwani.

Aprili 2010 walipiga kura, wakamchagua Marcello Menegatto, mfanyabiashara ambaye si mzaliwa wa hapa. Mtawala sasa ana muhula wa miaka 7. Mimi nahesabu hilo kuwa badiliko kubwa kuliko kura yote ya 1995. Carbone alikaa mpaka mauti. Waliomfuata wana tarehe ya kurudi mbele ya watu. Mwaka 2017 Marcello alirudi kweli, na alikuwa na mpinzani: Mark Dezzani, mtangazaji wa redio mwenye asili ya Uingereza. Marcello akashinda. Mwaka 2019 akajiuzulu kabla ya muhula kwisha.

Halafu ikaja Novemba 10, 2019. Wagombea walikuwa wawili, wote wanawake. Mmoja ni Nina Menegatto, aliyezaliwa Ujerumani, aliyekuwa mke wa Marcello na aliyeshughulikia mambo ya nje ya dola hiyo. Mwingine ni binti wa Giorgio Carbone. Yule mama alipofika hapo aliweka kikombe chini na kunieleza taratibu, kwa sababu alijua uzito wake. Binti wa mwanzilishi, mzaliwa wa ardhi hii, jina la baba yake likiwa midomoni mwa kila mzee, dhidi ya mgeni aliyeolewa akaachika, lakini aliyekuwa amefanya kazi. Kura zilikuwa 122 kwa Nina, 69 kwa binti wa Carbone.

Sikumuuliza yeye alimpigia nani. Baada ya maneno ya yule mzee wa jana, sikuona kuwa nina haki hiyo.

Nimeyaweka matokeo mawili kando kwa kando kwenye daftari: 304 kwa 4, na 122 kwa 69. Lile la kwanza ndilo linalonukuliwa kila mahali. Lakini nikiulizwa ni lini Seborga iliukubali kweli ufalme wa kuchaguliwa, nitaitaja siku ya Novemba 2019. Mwaka 1995 waliiandika kanuni mbele ya mtawala waliyempenda, jambo jepesi. Mwaka 2019 kanuni iliwaomba kitu: kwamba mtoto wa Giorgio I asimame kama mgombea yeyote, ahesabiwe kura, na akishindwa, ashindwe. Familia nyingi za kifalme duniani zimepigana vita kwa chini ya hapo. Na wale 69 si watu wa kudharauliwa. Ni zaidi ya theluthi moja ya waliochagua. Walisema wazi kwamba kumbukumbu ya baba ina thamani kwao, na walisema hivyo kwenye karatasi ya kura, mahali panapostahili.

Mume alikuwa na hofu ambayo sitaki kuiacha nje. Alisema kijiji kidogo kinaweza kununuliwa, kwamba mtu mwenye fedha na muda anaweza kuhamia hapa, akasaidia huyu na yule, akaupata ufalme kwa bei ya nyumba. Nilimsimulia habari za Poland na fedha za majirani, naye hakushangaa. Alisema ndiyo maana muhula ni lazima uwe mfupi na mpinzani lazima awepo. Mkewe aliona anatia chumvi. Waliendelea kubishana nilipokuwa nikichukua begi langu, kwa sauti za watu waliokwisha kubishana hivyo mara nyingi.

Nimeteremka kwa miguu kupitia kijiji cha Sasso badala ya kusubiri basi, njia ikiwa kati ya mimosa na mizeituni. Wakulima hapa wanajua kwamba mauzo yao makubwa yanatokana na Machi 8, kwa sababu Waitalia huwapa wanawake maua hayo siku hiyo. Wanawake wa Italia waliichagua mimosa kuwa ua lao mwaka 1946, mwaka ule ule walioingia kwa mara ya kwanza katika kura ya taifa zima na kuamua kama mfalme abaki au aondoke. Na katika kijiji kilichoishi kwa kuuza ua hilo, kura ya mwisho niliyosimuliwa ilikuwa kati ya wanawake wawili.

Muhula ulioanza 2019 ni wa miaka 7, kwa hiyo sanduku la kura linarudi. Matokeo yatakapotangazwa, jina la mshindi nitalisoma baadaye. Kwanza nitatafuta aliyeshindwa alipata ngapi.